Msikilize kwanza, karatasi baadaye

Jumamosi moja kikundi chetu cha usomaji kiligawanyika kwa sababu ya herufi moja. Hadithi ilikuwa ya kurasa saba, na msimulizi wake anasema "nilimsubiri mpaka taa zikazimwa". Wenzetu waliokosa nakala walikuwa wameisikiliza kwenye podikasti, ikisomwa na mwanamume. Hao walizungumzia mume anayemngoja mkewe. Waliosoma karatasi, wengi wao kinamama, walimwona mama anayemngoja mwanawe. Tukarudi kwenye maandishi, tukayapekua mstari kwa mstari. Hakuna palipotajwa jinsia ya msimulizi wala ya anayesubiriwa.

Kiswahili kinaruhusu hilo. "Ni", "a" na "m" havibagui mke wala mume, kwa hiyo mwandishi stadi anaweza kukuacha njia panda hadi nukta ya mwisho. Sauti ya mtu haina uhuru huo. Msomaji akitamka neno la kwanza tu, ameshakuchagulia msimulizi, umri wake na pengine hata pwani au bara alikotoka.

Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na tangu siku hiyo nimebadili utaratibu. Tunasikiliza wote pamoja, mikono mitupu. Kila mmoja anasema amemwona nani. Ndipo nagawa nakala. Wapo wanaopenda kusikiliza huku wakifuatisha maandishi kwa kidole. Mimi siafiki, maana jicho hukimbia mbele na sikio likaacha kufanya kazi.

Tukishika nakala, huwa natafuta kwanza maswali. "Umemwona" na "Umemwona?" hutofautiana kwa kiimbo tu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na katika mazungumzo ya wahusika tofauti hiyo inaweza kugeuza shtaka kuwa huruma. Kisha tunatazama nafasi tupu kati ya sehemu za hadithi. Kwenye podikasti mara nyingi hujazwa muziki, na muziki hukuambia uhuzunike kabla hujajua kuna msiba. Tuliwahi kutumia saa nzima kwenye nafasi moja kama hiyo, na sijutii hata dakika.

Kwa kikundi kipya, ningeanza na kitu kilichozaliwa kwa ajili ya sikio. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Kikuyu ngano fupi ya jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima, mikono na miguu ikishindana. Jarida la Jalada liliitoa mwaka 2016 pamoja na tafsiri za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ukiisoma kwa sauti haipotezi kitu, kwa sababu mtindo wake ni ule wa "Paukwa! Pakawa!". Hadithi za siku hizi zinazokaa ndani ya kichwa cha mhusika mmoja ndizo zinazoumia zaidi zikisomwa haraka.

Kuna desturi nyingine niliyoiazima kwenye podikasti ya hadithi ya The New Yorker, jarida la Marekani, iliyoanza mwaka 2007. Mwandishi huchagua hadithi ya mwandishi mwingine, akaisoma yote, kisha akahojiwa kwa nini ameichagua. Kwetu, anayeleta hadithi ndiye anayeisoma, na lazima atetee kila pumzi aliyoiweka. Hadithi ya maneno 2,500 hutuchukua kama dakika 20, na bado tunabaki na muda wa kubishana.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi aliirekodi upya kwa simu ile hadithi ya kusubiri. Nikawasikilizisha wanachama wapya ambao hawakujua ugomvi wetu. Karibu wote walisema ni mama na mwanawe. Kijana mmoja tu alikataa. Akasema huyo ni dada, anamsubiri kaka yake, na akatuomba karatasi atuonyeshe mstari.