Kabla hujamwambia mchoraji "mkono umekosewa"

Mwanafunzi mmoja aliniletea mchoro wa penseli wa mwanamke mzee aliyeketi, mikono ameilaza mapajani. Niliutazama kwa sekunde chache tu nikasema: "Vidole vimepinda mno, na vifundo ni vikubwa kupita kiasi. Futa, anza upya." Hakujibu kitu. Siku kadhaa baadaye ndipo nilipojua kwamba ile ilikuwa mikono ya bibi yake, na kwamba vidole vilipindwa na ugonjwa wa viungo. Alikuwa ameichora kwa uaminifu kuliko chochote alichowahi kunionyesha, nami nikamwambia afute. Nimefundisha kuchora miaka mingi tangu siku ile na bado inaniuma.

Ndiyo maana siku hizi, iwe darasani au mtu ameweka mchoro wake mtandaoni, naanza kwa kuuliza: ulitaka mtazamaji aone nini? Bila jibu hilo sina kipimo. Mchoro wa katuni wenye macho makubwa haupimwi kwa uwiano wa picha ya sura, na rangi zinazogombana huenda zimegombanishwa makusudi. Liz Lerman, msanii wa dansi wa Marekani, alibuni mwaka 1990 utaratibu ambao wasanii wa fani nyingi wanautumia hadi leo. Watazamaji huanza kwa kusema kilichowagusa. Kisha msanii anauliza yanayomsumbua yeye, halafu watazamaji wanamwuliza maswali yasiyobeba hukumu. Maoni huja mwisho kabisa, tena akiruhusu mwenyewe. Mtandaoni ni vigumu kupitia hatua zote nne, lakini kuomba ruhusa kunachukua sentensi moja, na mtu aliyeweka kazi yake ili kushiriki furaha tu ana haki ya kusema "hapana, asante".

Akikubali, usimpe hukumu. Mwambie macho yako yamefanya nini. "Mpangilio ni mbaya" haimsaidii, kwa sababu hajui aguse wapi. Jaribu hivi: "Jicho langu limekwenda kwanza kwenye kikombe cheupe pembeni, likachelewa kumfikia mtoto." Hilo hawezi kulibishia, ni habari ya jicho lako. Kama alitaka mtoto aonekane kwanza, sasa anajua pa kushika: jicho hukimbilia mahali ambapo mwanga na giza vinakutana kwa ukali, basi apunguze weupe wa kikombe au aukoleze utofauti huo usoni mwa mtoto. Na kama kikombe ndicho alichokikusudia, hana cha kurekebisha.

Kwenye mambo yanayopimika, mpe kipimo chenyewe. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika picha za sura ni macho kuwekwa juu mno. Ukitazama kichwa cha mtu mzima kwa mbele, mstari wa macho unapita karibu katikati, kati ya utosi na kidevu. Wanaoanza huyapandisha kwa sababu akili inajali macho, pua na mdomo, na paji la uso na nywele inaviona kama nafasi tupu. Kwa hiyo badala ya "uso haujakaa sawa", andika: "Pima kutoka utosini hadi machoni, kisha kutoka machoni hadi kidevuni. Naona sehemu ya juu ni fupi." Ataweka penseli, atapima, ataona mwenyewe. Vivyo hivyo kwa nyuso zilizoegemea upande: mwambie aigeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Jicho lililozoea mchoro wake linashtuka, na yaliyopinda yanajitokeza.

Kuna jambo wengi wanalisahau: mara nyingi hutazami mchoro, unatazama picha ya mchoro. Kamera ya simu huifanya karatasi nyeupe kuwa ya kijivu, na taa ya manjano hupaka kila kitu joto ambalo mchoraji hakuliweka. Simu ikishikwa kwa kuinama, upande ulio karibu na lenzi unakuwa mkubwa, na kichwa kikaonekana kizito kuliko kilivyo. Kabla ya kusema neno juu ya rangi au uwiano, uliza picha ilipigwaje. Nimewahi kuona watu wakibishana juu ya anga "lenye umanjano mno" ambalo kwenye karatasi lilikuwa buluu safi.

Sifa nazo zina kazi yake, ila ziwe na mahali. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watafiti wamekaribia hapohapo kwa njia nyingine. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu maoni, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, kupewa maoni kulishusha utendaji. Maelezo yao ni kwamba maoni hudhoofika kadiri yanavyoivuta akili ya mtu kutoka kwenye kazi na kuielekeza kwenye nafsi yake. "Una kipaji" na "huna kipaji" zote zinamzungumzia mtu. "Kivuli cha chini ya kidevu kimelainika polepole na shingo ikarudi nyuma" inazungumzia karatasi, na kesho anaweza kukirudia.

Kuchora juu ya kazi ya mwenzako ili kumwonyesha ni msaada mkubwa sana, mradi umemwomba kwanza. Ukifanya bila idhini, umempokonya.

Chagua jambo moja, lililo kubwa. Kope hazina maana kama kichwa hakijakaa shingoni, kwa hiyo mpangilio na uwiano vinatangulia, mwanga na kivuli vinafuata, nakshi mwisho. Na kama watu sita wameshasema macho yamewekwa juu mno, usiwe wa saba.

Akileta mchoro wa pili, rudi. Uweke kando ya ule wa kwanza, mwambie ni wapi jicho lako linatua sasa.