Mwanga Ukipungua, Kopo la Maji Lipumzike

Majira ya mapukutiko yakianza tu, swali ninaloletewa na wanaootesha sakulenti, yaani mimea ya majani manono yaliyojaa akiba ya maji, huwa lile lile: "Echeveria yangu ilinawiri kipindi chote cha joto, sasa majani ya chini yanadondoka hata nikiyagusa kwa ncha ya kidole. Imepatwa na nini?" Nami huuliza jambo moja kabla sijaitazama hata picha: unaimwagilia lini? Jibu huja bila kusita. Kila Jumamosi, kama kawaida.

Basi ugonjwa ni hiyo "kama kawaida".

Wengi hudhani mapukutiko huingia na baridi. Ndani ya nyumba, kinachotangulia kubadilika ni mwanga. Karibu na tarehe 22 au 23 Septemba (tarehe 20 au 21 Machi kwa walio nusu ya kusini ya dunia) mchana na usiku hukaribia kulingana, na kutoka hapo kila siku inaliwa dakika kadhaa za jua. Kadiri unavyokaa mbali na ikweta ndivyo zinavyoliwa kwa pupa. Wewe bado umevaa nguo nyepesi, lakini mmea ulio dirishani umeshaona tofauti. Mwanga ukipungua, usanisinuru nao unapungua, na mizizi haivuti maji kama zamani. Udongo uliokuwa ukikauka kwa siku nne sasa unachukua kumi. Jumamosi inapofika, unamimina maji juu ya maji.

Sakulenti huumia kuliko mimea mingine kwa sababu ya maumbile yake. Iliyo mingi hufungua vitundu vya majani usiku, ikavuta kaboni dayoksidi na kuiweka akiba kama asidi. Mchana hufunga vitundu hivyo na kuitumia akiba ile, maji yasitoroke. Mmea unaojibana hivyo hauna haja ya kunyweshwa kwa ratiba. Udongo ukikaa na unyevu muda mrefu, mizizi hukosa hewa, kuvu wakaingia, na uozo ukapanda shinani kimya kimya. Unapouona juu, chini kazi imekwisha.

Kwa hiyo achana na kalenda. Chukua kijiti kikavu cha mbao, kichomeke taratibu kando ya chungu mpaka kiguse chini, kiache dakika kumi, kisha kitoe. Kikitoka na rangi iliyoiva na chembe za udongo zimekiganda, weka kopo chini uende zako. Kikitoka kikavu, ngoja siku chache tena, halafu mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, na yanayobaki kwenye kisahani uyamwage. Mimi siku hizi nabeba tu chungu mkononi nikapima uzito, lakini mkono huo niliupata baada ya kuua mimea ambayo sitaitaja idadi yake.

Jifunze pia kusoma jani. Lenye kiu hulegea na kukunjamana, ila rangi yake inabaki. Lililozidiwa maji huwa la manjano linalopitisha mwanga, ukilibonyeza linapasuka kama malengelenge. Majani mawili matatu ya chini kabisa kukauka kama karatasi ni uzee tu, yang'oe. Lakini ukiona ule umanjano wa majimaji, toa mmea chunguni siku hiyo hiyo. Kata shina juu ya sehemu iliyooza kwa kisu safi, utazame uso wa mkato. Kama kuna alama ya kahawia, hata iwe ndogo kama ncha ya sindano, panda juu kidogo ukate tena, mpaka nyama yote iwe safi. Kiache kipande hicho kivulini kwenye hewa kavu siku tano hivi, kidonda kifunge, ndipo ukiweke juu ya udongo mkavu wenye changarawe nyingi.

Hata hivyo, si sakulenti zote zinazolala wakati huu. Aeonium, ambazo nyingi asili yake ni Visiwa vya Kanari, huzubaa kwenye joto na kuamka hewa inapopoa, kwa hiyo hizo sasa ndizo zinazotaka maji. Lithops, vile vijimmea vya kusini mwa Afrika vinavyojifanya mawe, hutoa ua lake majira haya kwenye ufa ulio katikati ya majani mawili. Ua likishanyauka, acha kabisa kumwagilia. Jozi mpya ya majani inajijenga ndani kwa kunyonya maji ya jozi ya zamani. Ukiingilia kwa huruma, ya zamani hayasinyai, na unabaki na mmea wenye majani manne yanayogombana.

Kwa upande wa maua, kalankoe na Schlumbergera (kaktasi ya Krismasi) hutunga matumba usiku ukiwa mrefu. Zipe giza la kama saa 14 kila usiku kwa wiki sita hivi. Giza ninalosema ni giza kweli. Niliwahi kuweka kalankoe mbili, moja karibu na taa ya sebuleni, nyingine kwenye chumba kisichotumiwa. Ya chumbani ilijaa maua, ya sebuleni ikanitolea majani tu, mazuri kweli, lakini majani. Schlumbergera ikishatunga matumba usiihamishehamishe, itayaangusha. Kwa wenye bustani ya nje, matunguu ya dafodili yaingie ardhini mapema, ya tulipu yasubiri udongo upoe hasa, kwa kina cha mara mbili au tatu ya urefu wa tunguu lenyewe.

Mimea iliyokuwa nje iingizwe kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, isipokuwa Sempervivum, sakulenti inayostahimili hata barafu. Lakini mimea unayoiingiza usiikaribishe na wageni wake. Geuza kila jani, chunguza makwapa ya majani: kitu cheupe kama pamba ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza mmea. Waguse mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha utenge mmea huo wiki mbili au tatu, maana mayai hayaonekani kirahisi. Mtini wa ndani, Ficus benjamina, utapukutisha majani kwa kuhamishwa tu. Hasira zake zikishapita utachipua, na kuuongezea maji ni kuuzidishia matatizo.

Mbolea nayo isimame kwa mimea inayopumzika. Ukiilisha kwenye mwanga hafifu inarefuka shingo, inakuwa dhaifu na kuegemea upande mmoja. Dawa ya bei rahisi zaidi ninayoijua kwa shingo hizo ni kitambaa na maji ya sabuni: futa vioo vya dirisha, ndani na nje, kisha futa vumbi kwenye majani mapana. Echeveria usiifute, ule unga mweupe juu yake ni nta inayoikinga, na ukitoka kwenye jani haurudi.