Doa jeusi halichomwi kwa leza kabla ya kupimwa

Leza inafanya nini kwenye ngozi?
Ni mwanga mkali unaogeuka joto pale unaponyonywa. Leza ya kaboni dayoksaidi, nanomita 10,600, hunyonywa na maji yaliyomo kwenye seli, zikachemka na kuwa mvuke. Leza za madoa hulenga melanini, rangi ya asili ya ngozi, na ngozi nyeusi inayo tele. Mashine isiporekebishwa kulingana na ngozi, unaungua.

Nina doa jeusi unyayoni. Saluni wana leza, waliondoe?
Hapana. Melanoma, saratani ya seli za rangi, kwa watu weusi hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha. Doa linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa au linalotoa damu linahitaji hadubini.

Wameniambia ni sunzua tu.
Kwa macho? Hapana, usichome.

Lakini nilichoma, likapotea.
Kilichopotea ni rangi ya juu. Seli zilizokwisha kushuka chini zinaendelea kukua, na kovu linazificha. Wengi huja mtoki wa kinena umeshavimba, miezi imepita wakisubiri "kovu likauke".

Hadubini inaona nini mahali palipochomwa?
Kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi, hukatwa, mara nyingi cha milimita 3 au 4, hukaushwa maji, huwekwa kwenye nta, huchanwa vipande vyembamba vya maikroni 4 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na kutiwa rangi. Palipochomwa, kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, ambayo kawaida huonekana kama nyuzi za waridi, imeshikana ikawa bonge moja lisilo na nyuzi. Viini vya seli vimerefuka na kukolea. Seli ikishafika hapo, haisomeki. Ndiyo maana kinyama hutangulia, leza hufuata.

Kidonda cha mwenye ualbino je?
Jua la Dodoma halina huruma. Kidonda kisichopona wiki 4: hospitali, si leza, si dawa ya kupaka ya dukani.

Nimeshachomwa. Nifanyeje?
Nenda hospitali wiki hii, na usione aibu kusema. Tarehe ya kuchomwa na aina ya mashine viandikwe kwenye fomu ya maabara, maana kovu la joto laweza kumpotosha anayesoma kinyama kwa hadubini. Kinyama kikatwe hadi kwenye ngozi isiyoungua. Kikisafirishwa kutoka Kondoa au Mpwapwa kiwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze) ya asilimia 10, angalau mara 10 ya ujazo wake. Kwenye maji kitaoza njiani. Kwenye barafu seli hupasuka. Na chupa iwe ya mdomo mpana, kwa sababu fomalini hukikaza kinyama, na cha kuvutwa kwa nguvu shingoni mwa chupa hufika kimepondeka.