Je, wajua kwa nini waifai hupotea baada ya kompyuta kupigwa Windows?

Dada mmoja anayesomea ualimu alikuja kwenye steshenari yetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, laptopu kaikumbatia, uso umemshuka.

"Kaka, waifai imekufa. Fundi kasema kadi imeungua, niagize nyingine Dar."

"Pole, dada. Ilizima ghafla, au baada ya kupigwa Windows?"

Kumbe ilipigwa Windows mpya juzi yake, na tangu siku hiyo hata sauti haitoki. Hapo nikapata matumaini. Kadi ya waifai na ya sauti kuungua siku moja, tena siku ileile ya kupigwa Windows, ni jambo gumu kuaminika. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa.

Fikiria meli ya MV Liemba ikiondoka bandarini. Nahodha yuko juu, injini haigusi. Yeye hutoa amri tu: mbele polepole, simama, rudi nyuma. Chini kwenye chumba cha injini yupo mtu anayejua amri hiyo inatekelezwa kwa kufungua nini na kufunga nini. Windows ndiyo nahodha, draiva ndiye huyo wa chini. Printa ina wake, kamera ina wake, spika zina wake, na aliyezoea injini moja hubabaika mbele ya nyingine. Windows huja na draiva nyingi za kawaida, ndiyo maana kibodi huitika mara moja, ila haina za kila kifaa kilichowahi kutengenezwa.

Na kwa kuwa mtu huyo yuko tumboni mwa meli, akiharibu yeye, meli nzima husimama. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la kampuni ya CrowdStrike, lililosomwa na draiva yake ya ulinzi, liliangusha kompyuta milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Skrini zikawa za bluu, abiria wakakwama viwanja vya ndege. Kwa hiyo skrini ya bluu ikikutokea baada ya kuchomeka kifaa kipya au kuweka masasisho, mshuku draiva kabla ya kushuku ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta.

Kwenye laptopu ya yule dada nilibofya kulia alama ya Windows, nikafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta. Kifaa chenye tatizo huwekewa pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Ukikibofya mara mbili, unakuta namba. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa. Namba 10, kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi draiva iliyopo siyo yake au imeharibika. Namba 43 inasema kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Hapo badilisha waya na tundu la USB kwanza, maana huenda kweli kifaa ni kibovu. Yake ilikuwa 28, kwenye waifai.

Draiva gani sasa? Hapa ndipo wengi huharibu: wanapakua programu inayojitangaza kutafuta draiva zote bure, wanaishia na matangazo na draiva za kubahatisha. Usikisie. Kwenye dirisha lilelile, sehemu ya Details, chagua Hardware Ids. Yake ilisomeka VEN_10EC&DEV_B723. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji: 10EC ni Realtek, na 8086 ingekuwa Intel. Ya pili ndiyo kadi yenyewe, RTL8723BE. Ukishajua jina hilo, nenda tovuti ya aliyetengeneza laptopu, ingiza modeli iliyoandikwa chini yake, uchukue draiva ya waifai inayolingana. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, kwa sababu ya 64 haipokei draiva ya 32. Printa nyingi za zamani hukwama hapo.

Lakini draiva ya waifai iko intaneti, na intaneti yenyewe inaingilia kwenye waifai! Simu ndiyo inayokuokoa. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, uwashe USB tethering (kugawa intaneti ya simu kwa waya), na Windows 10 au 11 kwa kawaida huipokea kama mtandao wa waya bila kuuliza draiva. Weka muunganisho huo kuwa "metered", yaani wa bando la kupimwa, mara moja, la sivyo masasisho yatakula bando lako lote kabla hujapata unachotaka.

Tulimaliza ya waifai, tukaweka ya sauti, tukawasha upya. Mitandao ya jirani ikajipanga yote kwenye orodha, na dada akafuta oda ya kadi.

Kama tatizo limeanza baada ya kusasisha, dawa ni kurudi nyuma: sehemu ya Driver, bonyeza Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, draiva ya zamani haikutunzwa, basi ondoa iliyopo na uweke nyingine.

Na kabla hujampa fundi laptopu inayofanya kazi aipige Windows, chomeka flashi, tengeneza folda iitwayo draiva, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike amri hii (tuseme flashi ni E): pnputil /export-driver * E:\draiva Draiva zilizoongezwa kwenye mashine hiyo zitanakiliwa humo, na siku ya kuzirudisha hutahitaji hata bando.