Barcelona–Roma: kwa nini kilomita 850 zinakula karibu saa mbili

Shemeji alinipigia simu akiwa Barcelona, tiketi ya Roma mkononi. Alikuwa ameshapima kwenye ramani: kilomita 850 hivi. Ndege ya aina ya Airbus A320 huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa. "Sasa shemeji, mbona tiketi inasema saa moja na dakika 50? Hizo dakika nyingine mnatuzungusha wapi?"

Kupanga safari za ndege ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilimjibu kwa urefu kuliko alivyotaka.

Kwanza, saa ya tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa, na huisha inaposimama kabisa Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma. Humo mna kutambaa ardhini na kupanga foleni ya kuruka. Mashirika huongeza pia dakika kidogo za akiba ili yasihesabiwe yamechelewa. Angani kwenyewe ni kama saa moja na dakika 20.

Pili, ile kasi ya kilomita 800 na ushee ni ya kule juu tu. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida hatuvuki kilomita 460 kwa saa. Na kushuka kunaanza mbali: marubani huhesabu maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 35,000, unahitaji maili 105, karibu kilomita 195. Mstari wa moja kwa moja kutoka Barcelona hukata ncha ya kusini ya Corsica. Ukishakiacha kisiwa hicho nyuma, muda si mrefu utasikia injini zikipunguza sauti. Toa na zile kilomita 200 hivi za kupanda, safari ya kasi kamili inabaki kama kilomita 450. Nusu ya njia tu!

Tatu ni upepo, na hapa ndipo watu hubisha. Huko juu mara nyingi huvuma kutoka magharibi. Ukivuma kilomita 100 kwa saa, kipande hicho cha katikati utakimaliza kwa dakika 29 ukienda Roma, na dakika 37 ukirudi. Kilomita ni zilezile.

Kwa barabara, kupitia kusini mwa Ufaransa, ni zaidi ya kilomita 1,300. Meli ya kwenda Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma, huchukua kama saa 20. Mimi ningepanda meli, lakini shemeji hana subira.

Saa ya mkononi haibadilishwi, maana Hispania imo katika majira ya Ulaya ya Kati tangu 1940. Jua ndilo halikushauriwa. Roma iko nyuzi 10 mashariki zaidi, karibu katika latitudo ileile, hivyo linatua kama dakika 40 mapema. Shemeji alifika jioni, akakuta giza limeshaingia, akanipigia tena: "Nilikwambia mmetuzungusha!"