Mbegu ya kwanza kufika sio lazima ndo inashinda

Juzi mwaloni Kirumba nasubiri sato wangu aparuliwe magamba, jamaa mmoja akaanza ile stori ya siku zote, eti sisi wote washindi, ulizipita mbegu mamilioni ukafika wa kwanza kwenye yai. Nimeisikia toka niko shule, na haiko hivyo.

Mbegu ikitoka tu kwa mwanaume inaogelea vizuri ila haiwezi kurutubisha, hata uiweke pembeni ya yai. Hili lilijulikana mwaka 1951, watafiti wawili, Chang akiwa Marekani na Austin Australia, kila mtu kivyake, wakaona mbegu lazima ikae kwanza masaa kadhaa kwenye njia ya uzazi ya jike.

Inakaa kufanya nini sasa? Mbegu imevaa koti la sukari, vinyororo vidogo vidogo vimeshikana na protini na mafuta ya utando wake, na nchani vingi vina asidi ya sialiki, nayo ni aina ya sukari. Koti hilo linasaidia kuikinga na askari wa mwili wa mama huko njiani. Baadaye sehemu ya hiyo sialiki inabanduka, kolesteroli (mafuta ya kwenye utando) inapungua, mkia unaanza kupiga kwa fujo, ndo inaweza kulishika ganda la yai. Kama sato na magamba yake vile (mfano tu jamani, msiubebe mzima).

Na haziivi zote pamoja, zinaenda kwa zamu, kwa hiyo iliyowahi inaweza kufika ikiwa bado mbichi. Jamaa akaniuliza, "Sasa mimi nilikuwa wa ngapi?" Nikamwambia lipia samaki tuondoke.