Picha za watakatifu waponyaji wa Ujerumani: yanayosemwa na ilivyokuwa

Watu wakisikia chapa za kale za Kijerumani, yaani picha zilizopigwa kwa ubao wa kuchonga, wanakimbilia kwa msanii Dürer, kana kwamba kabla yake hakukuwa na kitu. Sivyo jamani. Dürer kazaliwa Nuremberg 1471, na ipo chapa ya Mtakatifu Kristofa anamvusha mtoto Yesu mtoni yenye mwaka 1423 chini yake, ilikutwa monasteri ya Buxheim, kusini mwa Ujerumani, imebandikwa ndani ya jalada la kitabu. Hata Biblia ya Gutenberg, ile maarufu ya mwanzo wa uchapaji wa vitabu Ulaya, ni ya miaka ya 1450, ilikuja baadaye.

Nyingine inayosemwa, eti chapa hizi zilikuwa sanaa ya matajiri, tena nyeusi na nyeupe tupu. Hapana. Mchongaji anachimba ubao anaacha mistari imesimama kama muhuri, anapaka wino, anaweka karatasi anasugua, halafu nyingi zinapakwa rangi kwa mkono. Ubao mmoja unatoa nakala nyingi, kwa hiyo bei ilikuwa nafuu na mtu wa kawaida aliweza kuwa nayo nyumbani.

Ila linaloniuma zaidi ni hili la kwamba wagonjwa walitegemea picha tu, matibabu hawakuyajua. Kwanza kila mtakatifu alikuwa na shughuli yake. Sebastiani aliyechomwa mishale aliombwa wakati wa tauni. Kristofa yeye, maneno ya Kilatini chini ya ile picha yanasema siku ukiutazama uso wake hutakufa kifo kibaya, yaani kile cha ghafla kinachokukuta hujaungama. Na Antoni Abate (sio yule wa Padua, wengi wanawachanganya) ni wa ule ugonjwa walioita moto wa Mtakatifu Antoni, mtu anaungua ndani kwa ndani mpaka vidole na miguu inakuwa myeusi inaoza, na leo tunajua chanzo ni kuvu wa kwenye rai, nafaka waliyokuwa wanasagia mkate.

Sasa watawa wa shirika la huyu Antoni walikuwa na hospitali kabisa. Daktari wa upasuaji Hans von Gersdorff wa Strasbourg alitoa kitabu cha upasuaji 1517, ndani kuna chapa ya mgonjwa anakatwa mguu kwa msumeno na pembeni kasimama mwenzake mkono umeshakatwa, kafungwa bandeji, kavaa msalaba wa Antoni wenye umbo la T. Na kitabu hichohicho kina picha ya Antoni mwenyewe, mgonjwa kamwendea na mkono unawaka moto.